Vitelezi vya MIDI na Sinthesaiza za Analogi: Historia ya Kuhariri Sauti kwa Mkono

Sinthesaiza ya analogi hutengeneza sauti kwa umeme. Osileta hutoa wimbi, kichujio hukata baadhi ya masafa ya wimbi hilo, kikuza sauti hulipa nguvu, na sakiti nyingine iitwayo envilopu huamua jinsi sauti itakavyopanda, itakavyotulia na itakavyofifia tangu kitufe cha kinanda kibonyezwe hadi baada ya kuachwa. Kila hatua ina vipimo vyake, na kuvibadili vipimo hivyo mpaka ipatikane sauti inayotakiwa ndiko kuhariri sauti. Miaka ya mwanzo kazi hiyo ilifanywa kwa kushika mashine yenyewe. Baadaye watengenezaji wakaondoa nobu na vitelezi, wakamwachia mpigaji vibonyezo na kioo kidogo cha namba. Sanduku la vitelezi linalozungumza na sinthesaiza kwa waya wa MIDI, lugha ya pamoja ya ala za kielektroniki, lilizaliwa kutokana na pengo hilo, na habari zake hazieleweki vizuri bila kujua kwanza pengo lenyewe lilifunguliwa na nini.

Mwaka 1964 Robert Moog, akiwa na karakana yake Trumansburg katika jimbo la New York, alishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch kuunda vipande vya sinthesaiza vinavyoongozwa kwa volti. Upande wa pili wa Marekani, huko California, Don Buchla alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo hiyo kwa ajili ya San Francisco Tape Music Center. Kanuni ya Moog ilikuwa rahisi kueleza na matokeo yake yalikuwa makubwa: volti moja ikiongezeka, kimo cha sauti hupanda oktavu moja. Volti hiyo iliweza kutoka kwenye kinanda, kwenye osileta nyingine, au kwenye nobu iliyozungushwa kwa vidole. Kwa hiyo mkono wa mpigaji ulikuwa chanzo kimoja cha volti miongoni mwa vyanzo vingi, na sakiti haikujali volti imetoka wapi. Jambo hilo lilikuja kuwa na uzito mkubwa miaka ishirini baadaye.

Minimoog ya mwaka 1970 ilikusanya vipande hivyo katika kisanduku kimoja cha kubebeka. Kila nobu ilikuwa na kazi moja, na ilikuwa sehemu ya sakiti kwa maana kamili, kwani umeme ulipita ndani yake. Aliyeizungusha alisikia mabadiliko papo hapo, bila hatua wala kuchelewa. Walakini mashine haikukumbuka chochote. Sauti iliyotafutwa kwa saa nzima ilipotea mara tu nobu zilipoguswa kwa ajili ya wimbo uliofuata. Njia ya kuihifadhi ilikuwa karatasi: watengenezaji walichapisha picha ya uso wa mashine, na mpigaji akachora kwa kalamu mahali kila nobu ilipoelekea. Jukwaani, kati ya wimbo na wimbo, karatasi hizo zilisomwa upya chini ya taa hafifu, na ndiyo maana wapigaji waliokuwa na uwezo walipanda na sinthesaiza mbili au tatu, kila moja ikiwa imeshaandaliwa.

ARP Instruments, kampuni ya Alan R. Pearlman huko Massachusetts, ilichagua vitelezi mahali ambapo Moog aliweka nobu. ARP 2600 ya 1971 na Odyssey ya 1972 zilikuwa na safu za vitelezi zilizopangwa kama za miksa ya studio. Uamuzi huo ulikuwa na ubaya wake, kwa sababu mfereji ulio wazi huingiza vumbi na kitelezi kikongwe hukwaruza. Hata hivyo kitelezi kina sifa ambayo nobu haina. Nafasi yake inasomeka kwa kutupa jicho mara moja, na vidole vinne vya mkono mmoja vinaweza kusogeza vinne kwa pamoja. Envilopu ya kawaida ina vipimo vinne, yaani muda wa kupanda, muda wa kushuka, kiwango cha kushikilia na muda wa kufifia. Vikiwekwa bega kwa bega, mpigaji huona tabia ya sauti kabla hajaisikia. Hoja hiyo ya macho na vidole ndiyo iliyowafanya watu wa baadaye wapende vitelezi kwa kazi ya kuhariri, ingawa nobu zilikuwa ndogo na imara zaidi.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1978, pale Sequential Circuits ya California, kampuni ya Dave Smith, ilipotoa Prophet-5. Ilikuwa na sauti tano kwa wakati mmoja na kumbukumbu ya sauti 40. Ili kumbukumbu iwezekane, Smith alilazimika kubadili uhusiano wa nobu na sakiti. Katika Prophet-5, nobu nyingi hazipitishi umeme wa sauti wala volti inayoongoza sauti moja kwa moja. Mikroprosesa huzizungukia zote kwa haraka, husoma kila moja imesimama wapi, hugeuza nafasi hiyo kuwa namba, kisha namba hiyo hugeuzwa tena kuwa volti na kupelekwa kwenye osileta na vichujio vya analogi. Mpigaji akiita sauti iliyohifadhiwa, mikroprosesa huacha kuzisikiliza nobu na kuchukua namba kutoka kwenye kumbukumbu.

Prophet-5 bado ilikuwa na nobu zake zote, na kwa macho haikutofautiana sana na mashine za zamani. Lakini ndani, nobu ilikuwa imeshakuwa njia mojawapo tu ya kuingiza namba. Kama namba inaweza kutoka kwenye nobu au kwenye kumbukumbu, inaweza pia kutoka kwenye kibonyezo, kwenye kaseti, au kwenye waya unaoingia kwa nyuma. Mambo mawili yanayoonekana kupingana yalitoka katika chanzo hicho kimoja: uwezo wa kuziondoa nobu, na uwezo wa kuzirudisha kwa nje.

Kuondolewa kulitangulia, na sababu ilikuwa gharama. Kila nobu au kitelezi kinahitaji kipande chake, tundu lake kwenye bati, waya zake, maandishi yake na dakika za fundi kiwandani. Mashine yenye vipimo 40 ilihitaji vipande 40 vya namna hiyo. Mikroprosesa ilipokuwa imeshalipiwa, ilikuwa nafuu kuweka vibonyezo vichache vya kuchagua namba ya kipimo na kitu kimoja cha kubadili thamani yake. Korg Poly-800 ya 1983 iliuzwa chini ya dola 1,000, bei ambayo haikuwahi kufikiriwa kwa sinthesaiza ya sauti nyingi yenye kumbukumbu, na ilifika hapo kwa kuweka vibonyezo vya namba mahali pa safu ya nobu. Mwaka huo huo Yamaha ilitoa DX7, mashine ya dijitali iliyotumia mbinu ya FM iliyobuniwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford. Sauti moja ya DX7 ina vipimo zaidi ya 140, na vyote vilihaririwa kwa kibonyezo kimoja kimoja na kitelezi kimoja cha thamani. Iliuzwa kwa wingi ambao sinthesaiza yoyote kabla yake haikuufikia, na kampuni zote zikaona kwamba mnunuzi anaweza kuishi bila nobu.

Mashine za analogi zilizofuata ziliiga uso huo, ingawa hazikuwa na haja ya kuuiga. FM ni ngumu kuhariri hata ukiwa na nobu 140, lakini kichujio na envilopu vya analogi ni vitu ambavyo mkono huvielewa mara moja. Roland Alpha Juno-1 na Juno-2 za 1985 zilikuwa na gurudumu moja tu. Matrix-6 ya Oberheim, kampuni ya Marekani, iliweka vibonyezo bapa visivyoinuka. Ndugu yake wa kuwekwa kwenye raki, Matrix-1000 ya mwishoni mwa miaka ya 1980, ilikwenda mbali zaidi: ilikuwa na sauti 1,000 ndani yake, ambazo 800 kati ya hizo zilichomwa kiwandani na 200 ziliweza kubadilishwa, na uso wake haukuwa na njia ya kuhariri sauti hata moja. Ilikuwa sinthesaiza nzuri ya analogi ambayo mwenye nayo aliweza kuchagua tu, kama anayebonyeza vituo vya redio. Hasara hiyo haikuwa ndogo. Watu wengi walicheza sauti za kiwandani kwa miaka bila kugusa kipimo kimoja, na kizazi kizima cha wapigaji kilijifunza kutumia sinthesaiza bila kujifunza sauti inavyojengwa.

Roland walijua kwamba kuna wanunuzi wasioridhika, na jibu lao lilikuwa kuuza uso wa mashine peke yake. JX-3P ya 1983 ilikuwa na vibonyezo, lakini aliyetaka aliweza kununua PG-200, kisanduku cha nobu kilichounganishwa kwa waya wake maalumu. JX-8P ilipata PG-800, Alpha Juno ilipata PG-300, na MKS-80 ya raki ya mwaka 1984 ilipata MPG-80. Visanduku hivi vilikuwa vizuri kwa kazi, kila nobu au kitelezi kikiwa na jina lake na kipimo chake. Vilikuwa pia na mipaka. PG-200, PG-800 na PG-300 kila moja ilikuwa na familia yake ndogo ya mashine na haikuwa na maana kwa nyingine. JX-3P ilikuwa na swichi nyuma ya kuchagua ama MIDI ama PG-200, visiweze kufanya kazi pamoja. Tena viliuzwa kando kwa idadi ndogo kuliko sinthesaiza zenyewe, na hatimaye vikawa adimu.

Wakati huo huo lugha ya pamoja, yaani MIDI, ilikuwa imeshapatikana. Mwaka 1981 Dave Smith, pamoja na Chet Wood wa Sequential, waliwasilisha kwa wahandisi wa sauti pendekezo la njia moja ya kuunganisha sinthesaiza za kampuni zote. Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, alikuwa akizisukuma kampuni za Japani kuelekea huko huko. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vifaa vya muziki ya NAMM huko California, Prophet-600 ya Sequential iliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland, na kinanda cha moja kikapiga nyingine. Maelezo rasmi ya MIDI 1.0 yalitolewa Agosti mwaka huo. Miaka 30 baadaye, mwaka 2013, Smith na Kakehashi walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

MIDI haipitishi sauti. Hupitisha namba kwa mfululizo, biti 31,250 kwa sekunde. Kila baiti ya biti nane hufungwa na biti moja ya kuanza na moja ya kumaliza, hivyo waya hupitisha baiti 3,125 kwa sekunde. Thamani huandikwa kwa biti saba, kuanzia 0 hadi 127, na chaneli ni 16. Kwa anayetaka kuhariri sauti, aina mbili za ujumbe ndizo muhimu. Ya kwanza ni ujumbe wa kidhibiti, wenye baiti tatu tu: chaneli, namba ya kidhibiti na thamani. Namba chache zilipewa kazi mapema, kama 1 kwa gurudumu la mtikisiko, 7 kwa ukubwa wa sauti na 64 kwa kanyagio la kushikilia noti. Ya pili ni ujumbe wa pekee wa kampuni. Hufunguliwa na baiti 240, hufuatwa na namba ya mtengenezaji, kisha chochote ambacho mtengenezaji huyo ameamua, na hufungwa na 247. Sequential walipewa namba 1, Moog 4, Oberheim 16, Roland 65, Korg 66 na Yamaha 67. Mlango huu uliwekwa ili kila kampuni iweze kusema mambo ya mashine yake bila kusubiri wenzake wakubaliane, na karibu sinthesaiza zote za analogi za miaka ya 1980 zinahaririwa kwa kupitia hapo, kwa sababu vidhibiti vya kawaida vya kichujio na envilopu vilikuja kuzoeleka baadaye sana.

Juno-106 ya 1984 inaonyesha jinsi mlango huo ulivyofanya kazi ulipotumiwa vizuri. Mashine hii ilibaki na vitelezi vyake, na kila kilichosogezwa kilituma ujumbe wa baiti saba: 240, 65, 50, chaneli, namba ya kipimo, thamani, 247. Kichujio ni kipimo namba 5, resonansi, yaani mkazo wa kichujio kwenye mpaka wake wa kukata, ni namba 6, na hatua nne za envilopu ni 11 hadi 14. Vipimo vyote vya kitelezi ni 16, vikihesabiwa kutoka 0 hadi 15. Swichi zote hubebwa na namba mbili zinazofuata. Nyuma yake kuna swichi ya hatua tatu, na ujumbe huo hupita tu swichi ikiwa kwenye hatua ya tatu, jambo ambalo hadi leo huwafanya wenye Juno wadhani mashine imeharibika. Aliyekuwa na mashine ya kurekodi MIDI aliweza kuhifadhi mwendo wa kitelezi pamoja na noti, kisha kuucheza tena, na Juno ikajihariri yenyewe wimbo unapoendelea. Kwa kanuni ile ile, chombo chochote kilichotuma baiti hizo saba kwa mpangilio huo kilikuwa kitelezi cha Juno.

Waliotangulia kuitumia nafasi hiyo walikuwa waandishi wa programu. Atari ST ya 1985 ilikuja na matundu ya MIDI mwilini mwake, na Macintosh iliyapata kwa kifaa cha nje. Kampuni kama Opcode Systems ya California ziliandika programu zilizochora vipimo vyote vya sinthesaiza kwenye kioo kikubwa na kuhifadhi mamia ya sauti kwenye diski. Kwa kupanga na kuhifadhi, programu hizo zilikuwa bora kuliko chochote kilichotangulia. Kwa mkono zilikuwa na kasoro moja isiyoondoka: panya wa kompyuta husogeza kitu kimoja kwa wakati mmoja, na jicho lazima limfuate. Kufungua kichujio huku muda wa kufifia ukipunguzwa, tendo ambalo mwenye Odyssey alilifanya bila kufikiri, halikuwezekana.

Masanduku ya vitelezi hayakuanza kama zana za kuhariri sauti. Yalitokana na kazi ya kuchanganya. Studio ndogo za nyumbani zilikuwa na sinthesaiza nyingi kwenye waya mmoja wa MIDI, na kitelezi kilichotuma kidhibiti namba 7 kwenye kila chaneli kilitosha kupunguza moja na kupandisha nyingine. FaderMaster ya JL Cooper, yenye vitelezi nane, ilijulikana kwa kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Hatua iliyoyafanya masanduku haya yawe na maana kwa sinthesaiza kuukuu ilikuwa ndogo na ya kiufundi: kumruhusu mtumiaji aandike mwenyewe ujumbe ambao kitelezi kitautuma, baiti kwa baiti, na kuacha nafasi moja ndani yake ambayo thamani ya kitelezi itajaza.

Sanduku lililoifanya kazi hiyo ijulikane zaidi lilikuwa Peavey PC-1600 la miaka ya 1990, na baadaye PC-1600x. Peavey ni kampuni ya Meridian, Mississippi, iliyojulikana kwa vikuza sauti vya gitaa na spika. PC-1600 lilikuwa na vitelezi 16 na vibonyezo 16, na kila kimoja kiliweza kupewa ujumbe wake. Mwenye Alpha Juno aliyetaka kitelezi cha kwanza kiongoze kichujio alifungua kitabu cha maelezo cha Roland kwenye kurasa za mwisho, zile ambazo wengi hawakuzisoma, akaandika ndani ya sanduku: 240, 65, 54, 0, 35, 32, 1, 16, thamani, 247. Namba 65 ni Roland. Namba 54 inasema kwamba kinachofuata ni kipimo kimoja tu. Sifuri ni chaneli ya kwanza. Namba 35 ni familia ya mashine, 32 na 1 zinaelekeza kwenye sauti yenyewe, na 16 ni kichujio. Kwa resonansi alibadili 16 kuwa 17, na kwa kasi ya mtikisiko akaandika 24. Sauti ya Alpha Juno ina vipimo 36, hivyo kurasa mbili za vitelezi 16 na vibonyezo vichache vilimaliza kazi. Ilikuwa kazi ya jioni nzima, yenye makosa mengi ya tarakimu, na aliyeimaliza alikuwa amejenga PG-300 yake mwenyewe kutoka kwenye chombo ambacho waliokitengeneza hawakuwa na Alpha Juno mawazoni.

Sinthesaiza hiyo haikuchaguliwa bure. Mwaka 1991 rekodi za dansi za kielektroniki, hasa "Mentasm" ya Second Phase na "Dominator" ya Human Resource, zilieneza sauti nzito yenye mngurumo unaopanda na kushuka, na asili yake ilikuwa sauti ya kiwandani ya Alpha Juno iliyotengenezwa na Eric Persing. Mashine za analogi zilizokuwa zikiuzwa kwa bei ya kutupa baada ya DX7 zikatafutwa tena. Vijana walizinunua kwa sababu ya sauti, wakakuta uso usio na kitu cha kushika. Mahitaji ya masanduku ya vitelezi yalikua kutokana na soko hilo la mitumba kuliko kutokana na viwanda.

Ulaya ilikuwa na mafundi wake. Doepfer, karibu na Munich, ilitoa Regelwerk yenye vitelezi 24 na Drehbank yenye nobu 64. Kenton Electronics ya Uingereza, iliyoanza kwa kuziwekea MIDI sinthesaiza za zamani, ilitoa Control Freak, na ikampunguzia mtumiaji adha ya kuandika baiti kwa kumpa mipangilio iliyokwisha tayarishwa kwa mashine mbalimbali. Access ya Ujerumani, kabla ya kutoa sinthesaiza yake ya Virus mwaka 1997, ilitengeneza masanduku ya nobu yaliyolenga mashine moja moja: moja la Waldorf Microwave na moja la Matrix-1000 ile isiyo na uso. Hivyo watu walionunua sinthesaiza ya Marekani iliyofungwa walikwenda kununua funguo zake Ujerumani.

Matatizo yaliyojitokeza yalikuwa matatu, na yote yanatokana na maumbile ya MIDI na ya mashine zenyewe. La kwanza ni ngazi. Thamani 128 zinatosha kwa ukubwa wa sauti, lakini kichujio kinachopita oktavu 10 kinapita nusu-toni 120, hivyo kila hatua ya kitelezi ni karibu nusu-toni nzima. Resonansi ikiwa juu, sikio husikia ngazi mahali ambapo Minimoog ingeteleza. Mashine nyingine hulainisha ngazi hizo kwa ndani na nyingine hazifanyi hivyo. Sanduku la nje haliwezi kusaidia, kwa sababu namba yenyewe ndiyo iliyo chache.

La pili ni msongamano. Ujumbe wa baiti 10 huchukua milisekunde 3.2, kwa hiyo waya wote hupitisha takriban 312 kwa sekunde. Vitelezi 16 vikisogezwa kwa pamoja, kila kimoja hupata nafasi chini ya mara 20 kwa sekunde, na noti zinazopita kwenye waya huo huo husubiri foleni. Mara nyingi mashine huelemewa kabla ya waya kujaa. Mikroprosesa za wakati huo zilikuwa na kazi ya kusoma kinanda, kuongoza volti za sauti zote na kusikiliza MIDI kwa zamu. Matrix-6 na Matrix-1000 zilijulikana kwa kukwama zinapopokea mabadiliko mfululizo: sauti ilisita, au mabadiliko yakafika kwa vishindo. Miaka mingi baada ya Oberheim kuacha kuzitengeneza, wahandisi wa kujitegemea waliandika upya programu ya ndani ya Matrix-1000, na chipu mpya yenye programu hiyo ikaifanya ipokee vitelezi kwa utulivu. Matrix ina ugumu mwingine pia, kwani baadhi ya vipimo vyake huwa hasi, kutoka -63 hadi +63, na sanduku linalojua kuhesabu kutoka 0 hadi 127 tu linahitaji kudanganywa ili liandike namba hasi.

La tatu ni kuruka. Mpigaji akiita sauti nyingine, vitelezi hubaki vilipokuwa. Akigusa kimoja, thamani huruka ghafla kutoka ile ya kumbukumbu hadi nafasi ya kitelezi, na jukwaani kuruka huko ni kosa linalosikika na kila mtu. Baadhi ya masanduku yalisubiri kitelezi kipite kwenye thamani iliyopo kabla ya kuanza kutuma. Mengine yalitumia injini. Behringer BCF2000 ya katikati ya miaka ya 2000 ilikuwa na vitelezi vinane vinavyojisogeza vyenyewe, na ndugu yake BCR2000 ilikuwa na nobu 32 zisizo na mwanzo wala mwisho, zikizungukwa na taa. Hata hivyo injini husaidia tu sinthesaiza ikisema sauti yake imesimamaje. Mashine za miaka ya 1980 hutuma sauti nzima kwa furushi moja la baiti, na sanduku la kawaida haliwezi kulifungua furushi hilo na kugawa kila thamani kwa kitelezi chake. Kwa sababu hiyo kompyuta iliingia tena, safari hii katikati: programu husoma furushi, hupanga nobu na taa, kisha huacha mkono uendelee.

Sinthesaiza zilizotengenezwa kabla ya Prophet-5 zina hali yao ya pekee. Ndani ya Minimoog hakuna mikroprosesa ya kuzungumza nayo, wala namba ya kubadili. Kinachowezekana ni kugeuza MIDI kuwa volti kwa kifaa cha kati na kuiingiza kwenye matundu ambayo Moog aliyaacha nyuma, likiwemo la kichujio. Kitelezi kinaweza basi kufungua kichujio cha Minimoog, kwa sababu sakiti haijali volti imetoka wapi. Hakiwezi kugusa nobu ya envilopu, kwa kuwa nobu hiyo haina tundu. Mashine ya kale iliyompa mkono uhuru wote imekuwa ngumu zaidi kuifikia kwa mbali kuliko mashine za bei nafuu zilizouondoa mkono.

Viwanda vilirudisha nobu taratibu. Clavia Nord Lead ya Sweden, mwaka 1995, ilikuwa ya dijitali lakini iliiga analogi na kuweka nobu uso mzima. Roland ilifuata na JP-8000 mwaka uliofuata. Dave Smith mwenyewe alirudi na Prophet '08 mwaka 2007. Mashine hizo hutuma na kupokea vidhibiti vya kawaida kwa nobu zake, na haziwalazimu wapigaji kuandika baiti. Kwa zile za zamani, kazi imegawanyika kwa warsha ndogo. Dtronics ya Uholanzi, Stereoping ya Ujerumani na Retroaktiv ya Marekani hutengeneza masanduku mapya ya kuhariri mashine za Roland na wenzake, kwa mpangilio unaofuata PG za zamani au kuzipita. KiwiTechnics ya New Zealand hubadilisha mikroprosesa ya JX-3P na Juno-106 yenyewe, na kuzipa mashine hizo vidhibiti vya MIDI ambavyo hazikuzaliwa navyo. MIDI 2.0, iliyopitishwa Januari 2020, huandika thamani ya kidhibiti kwa biti 32, na hivyo kwa vifaa vipya tatizo la ngazi limekwisha. Alpha Juno, Juno-106 na Matrix-1000 ambazo hazijabadilishwa ndani hubaki na thamani zao 128 na ujumbe wao wa baiti saba au 10, na PC-1600 lililonunuliwa kwa mtumba bado huutuma kama ulivyoandikwa.